Methali za Kiingereza katika mazungumzo: mwongozo kamili wa kuzisikia, kuzielewa na kuzijibu

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye hoteli moja ya ufukweni Unguja, tulikuwa watu watano tunabishana juu ya viti vya harusi. Mtu wa bustani anasema viti vikae juu, saa kumi na moja maji yatakuwa yamejaa. Wa vinywaji anataka vikae karibu na baa. Mimi wa mapokezi nimeshika karatasi ya bibi harusi, na yeye kaandika kwamba anataka mawimbi yaguse miguu ya viti. Meneja wetu, mama mmoja wa Kiingereza, akaja, akatutazama mmoja mmoja, akashusha pumzi, akasema: "Well, too many cooks..." Akaondoka zake. Mwenzangu akamkimbilia hadi kwenye ngazi kumweleza kwamba jikoni leo wapishi ni wawili tu, wa tatu yuko likizo.

Yule mama alicheka hadi akakaa chini. Mwenzangu hakujua kakosea wapi, na kusema kweli Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kila neno alilosikia alilijua. Alichokosa ni nusu ya pili, "spoil the broth", yaani wapishi wakizidi mchuzi huharibika. Na alikosa jambo kubwa zaidi: kwamba pale tulikuwa tunaambiwa, kwa upole, wanne wetu tuondoke tumwachie mmoja aamue. Bibi yangu angetumaliza kwa Kiswahili tu: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Siku hizi nafundisha Kiingereza cha mazungumzo jioni, wanafunzi wengi wakiwa waongoza watalii na watu wa mapokezi. Wanakuja na orodha za methali walizokariri shuleni, maana zake zimepangwa vizuri pembeni, lakini wakikaa na mgeni mezani bado zinawapita. Orodha inakuambia methali ina maana gani. Haikuambii imeletwa pale kufanya nini. Mwongozo huu unahusu hilo la pili.

Hatua ya 1: Ijue methali inapopita

Kwanza tuitenge na nahau. "It's raining cats and dogs" si methali. Ni nahau tu, njia ya kusema mvua kubwa. Methali inabeba hukumu au ushauri unaoweza kusimama wenyewe. Tofauti hii ina faida: nahau ukiikosa umekosa habari, methali ukiikosa umekosa msimamo wa mtu.

Dalili zake ni chache. Ya kwanza ni kitu kisichohusika kuingia ghafla katika maongezi. Mnaongea juu ya mkataba, mara mtu anataja kuku, daraja, maziwa au mbwa aliyelala. Hapo usitafute kuku. Dalili ya pili ni vibwagizo kama "as they say" au "you know what they say", ambavyo vinafanya kazi ileile ya "wahenga walisema".

Ya tatu ni sarufi inayokwenda kinyume na ulivyofundishwa. "First come, first served", "easy come, easy go" na "once bitten, twice shy" hazina hata kiima. Zimekatwa kama tunavyokata sisi tunaposema "kawia ufike". Hiyo "once bitten, twice shy" ndiyo "aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka", ila ya kwetu imechorwa vizuri zaidi. Vilevile usishtuke ukimsikia mtu msomi akisema "If it ain't broke, don't fix it". Anajua kwamba "ain't" si Kiingereza cha darasani. Usemi huo ulipata umaarufu mwaka 1977 kupitia Bert Lance, mkuu wa ofisi ya bajeti ya Rais Jimmy Carter wa Marekani, na leo mafundi wa kompyuta wanauishi: kikifanya kazi, usikiguse.

Hatua ya 2: Itafute nusu iliyomezwa

Kwetu mtu akisema "haraka haraka..." chumba kizima kinamalizia "haina baraka". Ni kama kibwagizo cha wimbo. Waingereza hawamalizii. Wanaiacha nusu ikining'inia, sauti inashuka, na kila mtu anaendelea na chai yake. Anayesema methali nzima mpaka mwisho anaonekana kama anahutubia, kwa hiyo kadiri methali inavyojulikana sana ndivyo inavyokatwa zaidi. Hizi ndizo utakazokutana nazo zimekatwa:

"When in Rome..." Iliyobaki ni "do as the Romans do": ukiwa Roma, fanya wafanyavyo Warumi. Mgeni wako ataisema akianza kula pilau kwa mkono. Hazungumzii Italia.

"Speak of the devil!" Iliyobaki ni "and he shall appear", ukimtaja shetani hutokea. Inasemwa mtu mliyekuwa mkimtaja akiingia mlangoni. Sisi humwambia "una maisha marefu!" na hivyo ndivyo inavyopaswa kusikika. Nilikuwa na mwanafunzi, mtu wa dini sana, aliyenuna siku mbili kwa sababu bosi wake alimwita shetani mbele ya wateja. Hakuna aliyemwita shetani. Walikuwa wanamsifia kazi yake, na yeye akaingia.

"Great minds..." Iliyobaki ni "think alike". Hutolewa mkiwaza jambo moja kwa wakati mmoja, mara nyingi dogo kabisa, mfano nyote mmeagiza samaki. Ni utani wa kujisifu. Mwenye ulimi mkali ataongeza "and fools seldom differ", na wajinga nao ni nadra kutofautiana.

"Let's not count our chickens." Iliyobaki: "before they hatch". Ni ile yetu ya usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Ukiisikia ujue mambo yanaelekea vizuri ila msemaji anaogopa kushangilia mapema. Makocha wa mpira wanaipenda ligi inapokaribia mwisho.

"If you can't beat them..." Iliyobaki: "join them". Msemaji amesalimu amri na anatabasamu.

Na fupi kuliko zote, maneno mawili: "Pot, kettle." Nzima yake ni chungu kumwita birika mweusi, wakati vyote vimekaa juu ya moto uleule wa kuni. Nyani haoni kundule.

Hatua ya 3: Uliza imekuja kufanya nini

Hapa ndipo penye kazi. Fikiria kanga. Mama akivaa kanga yenye maneno makali siku anapopita kwa jirani, hakuna anayeuliza maana ya maneno. Kila mtu anauliza yamemlenga nani. Methali ya Kiingereza isikilize hivyohivyo. Nani kasema, kamwambia nani, baada ya jambo gani?

Kuna zinazokuja kufariji. Umechelewa kujifunza kazi, mtu anakuambia "Rome wasn't built in a day". Mchumba kakuacha, rafiki anakuambia "There are plenty more fish in the sea", samaki baharini bado tele. Umevunja sahani ya thamani, wanakuambia "It's no use crying over spilt milk". Hii ya maziwa wengi huilinganisha na "maji yakimwagika hayazoleki", na ni ndugu kweli, lakini sikiliza tofauti. Ya kwetu inatazama maji: yamekwenda, na huenda uzembe ni wako. Ya kwao inamtazama anayelia na kumwambia nyamaza, twende mbele. Kwa hiyo ukimwambia Mwingereza aliyemwaga kitu, anapokea kama bega la kuegemea. Lakini usimpe aliyefiwa. Huko methali hazitakiwi kabisa. "I'm so sorry" inatosha.

Kuna zinazokuja kukataa bila kusema hapana, na hizi ndizo zinazowagharimu watu wetu pesa. Unamuuliza bosi kama msimu wa watalii ukiisha mtaendelea na kazi. Anakujibu: "We'll cross that bridge when we come to it." Tafsiri yake ni kwamba daraja tutalivuka tukilifikia. Maana yake mezani ni "sina jibu, au ninalo na sitaki kukupa leo". Niliwahi kuipokea hiyo, nikarudi nyumbani nimefurahi kwa sababu nilisikia "we'll cross", tutavuka, sote. Mwezi wa nne nilikuwa sina kazi. Ukiambiwa hivyo, uliza swali lenye tarehe: "When do you think we'll know?" Anayekwepa atakwepa tena, na hapo utakuwa umejibiwa.

Katika kundi hilohilo iko "Charity begins at home". Wanafunzi wengi wanadhani inahusu mashirika ya misaada. Neno "charity" zamani lilikuwa upendo. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile "imani, tumaini, upendo" ya Wakorintho imeandikwa "faith, hope, charity". Methali ilimaanisha upendo huanzia kwa walio karibu nawe. Leo mara nyingi inatumika kufunga mkoba: mtu anaombwa mchango wa watu wa mbali, anaitaja, na mchango umekufa.

"Let sleeping dogs lie" nayo ni ya kuzuia. Usimwamshe aliyelala, usije ukalala wewe. Mtu anayekuambia hivi kazini anakuonya uache kufukua jambo lililozikwa, na mara nyingine anajua lilizikwa na nani.

Halafu kuna vijembe. "Better late than never" kwa maneno yake ni "kawia ufike", tena yenye huruma. Ukiisema mwenyewe ukiwa umechelewa, ni kuomba radhi kwa utani. Akikuambia mwingine huku akitazama saa, ni kofi. Maneno ni yaleyale, yamebadilika mdomo tu. "Where there's smoke, there's fire" ni lugha ya umbeya: pafukapo moshi hapakosi moto, yaani siamini kukana kwake. "People who live in glass houses shouldn't throw stones" ni onyo kwa mwenye dosari anayerusha lawama.

Na "Curiosity killed the cat", udadisi ulimwua paka, huambiwa mtu anayeuliza yasiyomhusu. Sauti ikiwa laini ni mzaha, sauti ikiwa kavu ni "acha". Karne ya 16 methali hii ilikuwa "Care killed the cat", na "care" pale ilimaanisha wasiwasi, huzuni. Kwa hiyo paka huyu kwanza aliuawa na mawazo, baadaye ndipo akasingiziwa udadisi.

Za kufunga mjadala nitazipita haraka: "All's well that ends well", "You win some, you lose some". Ukizisikia, mada imekwisha. Usiifungue tena.

Hatua ya 4: Itafutie ndugu yake wa Kiswahili, kisha upime uzito

Kulinganisha na Kiswahili ni njia nzuri ya kukumbuka, na baadhi zinafanana kama pacha. "When the cat's away, the mice will play": paka akiondoka, panya hutawala. "Blood is thicker than water": damu nzito kuliko maji. "All that glitters is not gold": si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Hiyo ya dhahabu Shakespeare aliiweka katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mwana wa mfalme wa Moroko anachagua kisanduku cha dhahabu akitumaini kupata mke, anakifungua, anakuta fuvu lenye karatasi ya maneno hayo. Shakespeare aliandika "glisters". Watu wa leo wanasema "glitters", nawe sema hivyo.

Nyingine zimevaa nguo tofauti lakini ni jamaa. "A stitch in time saves nine" inaongelea mshono: shona mmoja mapema usije ukashona tisa. Sisi tunaongelea ukuta: usipoziba ufa utajenga ukuta. "A bad workman blames his tools" ni mbaazi ukikosa maua husingizia jua. "A bird in the hand is worth two in the bush" ni heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. "The grass is always greener on the other side", majani ya upande wa pili daima ni mabichi zaidi, inatumika sana mtu anapotamani kazi au ndoa ya mwenzake, na karibu yake kabisa ni usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa uzito. "Like father, like son" na "The apple doesn't fall far from the tree" zinaweza kuwa sifa: mtoto anapiga gitaa kama baba yake, watu wanatabasamu. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kumsifia mtoto wa mgeni aliyeogelea vizuri kama baba, akatafuta ya Kiswahili, akaitafsiri moja kwa moja: "The son of a snake is a snake." Baba alinyamaza. Kwa Kiswahili mtoto wa nyoka ni nyoka, na hata sisi hatumwambii mtu hivyo mbele ya mwanawe.

Mbwa nao wana mambo yao. Kwetu kumwita mtu mbwa ni tusi la kupigania. Katika methali za Kiingereza mbwa ni mtu wa kawaida tu: "Every dog has its day", kila mtu ana siku yake ya kung'ara. "You can't teach an old dog new tricks", mbwa mzee hafundishiki michezo mipya. Mzee wa Kiingereza akijisemea hivyo anaposhindwa kutumia simu, cheka naye. Wewe usimwambie. Hilo halihusu mbwa, linahusu umri.

Moja ya kutazama kwa makini zaidi ni "A rolling stone gathers no moss". Jiwe linalobingirika haliotwi na kuvu. Zamani ilikuwa onyo: mtu wa kuhamahama hapati mali wala mizizi, na kuvu ilikuwa kitu chema. Leo wengi, hasa Marekani, wanaisikia kinyume: kuvu ni kutu ya kukaa mahali pamoja, na jiwe linalobingirika ni mtu huru, mchangamfu. Ukiambiwa "You're a rolling stone", tazama uso kabla hujashukuru.

Hatua ya 5: Chunga maneno yaliyozeeka

Methali huhifadhi maana za zamani kama kabati la bibi. "The proof of the pudding is in the eating": neno "proof" hapa si ushahidi, ni majaribio. Utamu wa chakula hujulikana kwa kukila. Watu wameifupisha ikawa "The proof is in the pudding", ambayo ukiitafsiri haina maana yoyote, lakini utaisikia kila siku. Ipokee tu.

"The exception proves the rule" hutumiwa vibaya hata na wenyewe, mtu akibanwa anadai kwamba kinachompinga ndicho kinachomthibitisha. Asili yake ni ya kisheria na ina akili: ukitaja hali iliyosamehewa, umekiri kwamba kanuni ipo kwa zilizobaki. Kibao kikisema Jumapili maegesho ni bure, umeshajua siku nyingine unalipa.

Kubwa kuliko zote kwa usumbufu ni "You can't have your cake and eat it". Kila darasa linaniuliza: sasa keki nimenunua ya nini kama siwezi kuila? Ufunguo ni "have", ambayo hapa ni kubaki nayo. Huwezi kuila keki na wakati huohuo ibaki kabatini. Katika mkusanyiko wa John Heywood wa mwaka 1546 mpangilio ulikuwa wa kueleweka zaidi: kula kwanza, kuwa nayo baadaye. Baadaye wengi wakageuza. Mpangilio huo wa kale una kisa chake. Ted Kaczynski, aliyekuwa akituma mabomu kwa posta huko Marekani, aliandika kuila keki kwanza na kuwa nayo baadaye katika andiko lake refu lililochapishwa na gazeti mwaka 1995. Msemo huo, uliokuwemo pia katika maandishi yake ya zamani, ukawa mojawapo ya alama za lugha zilizomuunganisha na andiko lile, na mwaka 1996 akakamatwa. Wewe sema kama wasemavyo wengi, "have" kwanza. Na maana yake mezani: chagua moja. Mgeni anataka chumba cha bei ya chini na kinachotazama bahari, mwenzake anamwambia hivyo, nawe unaruhusiwa kucheka ndani kwa ndani.

Hatua ya 6: Usishangae zikipingana

"Look before you leap", tazama kabla hujaruka. "He who hesitates is lost", anayesitasita amekwisha. "Absence makes the heart grow fonder", kutengana huongeza mapenzi. "Out of sight, out of mind", asiyekuwapo na lake halipo. Wanafunzi wanauliza ipi ni ya kweli, kana kwamba kwetu haraka haraka haina baraka haikai nyumba moja na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu huamua kwanza, kisha huchukua methali inayompa haki. Ndiyo sababu methali aliyoichagua inakufunulia uamuzi wake kabla hajautamka. Meneja anayesema "Many hands make light work", mikono mingi huifanya kazi kuwa nyepesi, anakuja kukuomba ubaki jioni.

Hatua ya 7: Zamu yako kusema

Kwanza jibu, kabla hujatumia. Ukielewa, "True" au "Fair enough" inatosha. Hutakiwi kurudisha methali nyingine. Usipoelewa, sema "How do you mean?" kwa sauti ya kawaida. Inaonekana unataka ufafanuzi, si tafsiri, na msemaji atalisema jambo lenyewe waziwazi.

Ukitaka kutumia, moja kwa mazungumzo yote ni kiasi. Kwetu methali humpandisha msemaji. Kwao methali nyingi humfanya asikike kama kalenda ya ukutani. Itoe nusu, au itangulizie "as they say", na usibadili maneno: wapishi ni "cooks", ukisema "chefs" umeiua. Usimpe mteja "Beggars can't be choosers" hata kwa utani, kwa sababu umemwita ombaomba. Ya kwetu, mwenye njaa hana miiko, walau inamlaumu njaa.

Chunga sana "Spare the rod and spoil the child". Kwanza si amri ya kuacha fimbo. Ni ukiiacha fimbo, utamharibu mtoto, dada wa mchelea mwana kulia hulia yeye. Pili, Scotland imepiga marufuku kabisa kumpiga mtoto tangu 2020, na Wales tangu 2022. Ukiwa kwenye usaili wa kazi ya kulea watoto na ukaitaja ili uonekane unajua Kiingereza, usaili umekwisha.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko zote: toa ya kwako. Sema "We have a saying in Swahili", kisha uitafsiri. Hapo hata ukikosea kiunganishi hakuna anayejali, maana wewe ndiye mwenye mali. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wageni wengi wanaijua tayari kwa tembo badala ya fahali, "When elephants fight, it's the grass that suffers", na wanafurahi kumkuta mwenyewe. Watakurudishia "It takes a village to raise a child" wakidhani ni yako. Waambie kwetu ni mkono mmoja haulei mwana.

Hatua ya 8: Daftari, na zoezi moja

Chukua daftari, chora safu nne: maneno yaliyosemwa, nani kamwambia nani, yalifanya kazi gani, ningesema nini kwa Kiswahili. Safu ya maana usiiweke. Ukijaza hizo nne maana inakuja yenyewe. Ukurasa wangu mmoja wa zamani unasomeka hivi: "Well, too many cooks. Meneja kwa sisi watano. Kutufukuza kwa adabu. Manahodha wengi." Mahojiano ya baada ya mechi za ligi ya Uingereza ni shamba zuri la kuvuna, kwa sababu makocha hawataki kusema kitu na methali zinawasaidia kutosema.

Sasa jaribu hili. Tom na Sarah wako ofisini. Sarah anaanza.

"Any news on the contract?"
"Looks good, but let's not count our chickens."
"And if they want it by June?"
"We'll cross that bridge."
"Is Mark helping?"
"God, no. Too many cooks."
Mlango unafunguliwa, Mark anaingia.
"Speak of the devil!"
"You're late, Mark," anasema Tom, ambaye jana alifika saa nne.
"Pot, kettle."

Mkataba unaelekea kupatikana ila wasishangilie. Kuhusu Juni, Tom hana jibu. Mark hatakiwi kwenye kazi hiyo, na Sarah anamkaribisha kwa "una maisha marefu" kana kwamba walikuwa wakimtaja kwa heri. Mark hajui alichosemwa. Lakini saa aliyofika Tom jana anaijua.